Pishi nne za mahindi: ubunifu wa hesabu katika darasa la watoto wasiolingana

Swali lenyewe halikuwa na ajabu. Kibaba kimoja cha mahindi ni shilingi 25. Je, vibaba 16 ni shilingi ngapi? Darasa ni la Gredi ya 4, hapa kisiwani Lamu, kipindi cha pili asubuhi, madirisha wazi na punda akilia nje kama aliyelipwa kunisumbua. Watoto wengi walifanya nilivyowafundisha: 25 juu, 16 chini, mstari, kisha wakazidisha. Wakabeba 3, wengine wakaisahau njiani, wakaleta majibu ya kila sampuli. Mmoja aliandika 400 katikati ya ukurasa, basi. Hakuna mstari, hakuna cha kubeba. Nikampiga kosa kwa kalamu nyekundu na kumwandikia, "Njia iko wapi?" Nilidhani amenakili kwa jirani, ingawa jirani yake alikuwa na 175.

Nilipomwita akanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri kosa: "Pishi moya ni vibaba vinne, mwalimu. Basi pishi ni shilingi mia. Vibaba kumi na sita ni pishi nne." Ya pishi kayajulia wapi? Kwa bibi yake. Kila Ramadhani inapokwisha, zakatul-fitri hupimwa nyumbani kwao, pishi moja kwa kila kichwa, na yeye ndiye anayeshika kibaba. Kipimo ambacho mimi nilikitia kwenye swali kulipamba tu, yeye alikitumia kufikiri.

Kisa hiki kinabeba mambo mawili ambayo sisi walimu huyasikia kama mada mbili mbalimbali: kukuza ubunifu katika hesabu, na kufundisha darasa ambalo watoto wake hawalingani. Nionavyo mimi hayatenganiki. Ukiyatenganisha, la kwanza hugeuka kuwa zawadi ya watoto wachache wanaojua, na la pili huwa adhabu ya wale wasiojua.

Ubunifu si nyimbo

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, unautaja ubunifu miongoni mwa stadi saba za msingi ambazo kila somo linatakiwa kuzikuza. Kwa somo la sanaa hakuna anayeuliza maana yake. Kwa hesabu, wengi wetu tunaishia kutunga wimbo wa jedwali la kuzidisha au kuwapa watoto rangi wapake maumbo. Wimbo ni mzuri, huingiza jedwali kichwani. Lakini mtoto anayeimba "saba mara nane" hajabuni kitu; amekariri kwa mahadhi.

Tusijilaumu sana. Sisi tuliosoma chini ya 8-4-4, mfumo wa elimu uliotangulia mtaala huu, tulikomaa kwa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ambao karatasi yake ya hesabu ilikuwa na maswali 50, kila swali na majibu manne ya kuchagua. Ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ila tabia yake ingali hai mikononi mwetu. Jibu ni moja, njia ni ile ya mwalimu, na anayechelewa ameachwa na jahazi.

Katika saikolojia, suala hili lilipata msukumo mkubwa mwaka 1950, pale J. P. Guilford alipowahutubia wanasaikolojia wenzake nchini Marekani akiwalaumu kwa kuupuuza ubunifu. Katika kazi zake akatofautisha fikra inayokusanya, ile inayotafuta jibu moja sahihi, na fikra inayotawanyika, ile inayoanzia mahali pamoja ikatoka na mengi. E. Paul Torrance akaja na majaribio yake mwaka 1966, akiangalia mambo manne: mtu ametoa mawazo mangapi, mawazo hayo ni ya aina ngapi, yana upekee gani, na ameyajenga kwa kina kiasi gani.

Manne haya yanaonekana ya kinadharia mpaka uyashushe kwenye 25 mara 16. Mtoto wa kwanza anasema: 25 mara 10, ongeza 25 mara 6. Kisha: 25 mara 8, mara mbili. Kisha: 25 mara 15, ongeza 25. Njia tatu, lakini zote ni ujanja mmoja wa kuivunja 16 vipande. Mtoto wa pili naye ana tatu. Anavunja 16 kama mwenzake. Halafu anageuza 25 mara 16 kuwa 50 mara 8, kisha 100 mara 4, yaani anaongeza upande huu mara mbili na kupunguza ule nusu. Halafu anasema 25 ni robo ya mia, kwa hiyo robo ya 16, ambayo ni 4, ndiyo idadi ya mamia. Idadi ni ileile, ila wa pili amebadilisha macho mara tatu. Roza Leikin wa Chuo Kikuu cha Haifa, aliyetafiti sana maswali ya hesabu yenye njia nyingi, hutazama hapo hapo: huhesabu aina za njia, na njia iliyowajia wachache darasani huipa uzito zaidi.

Angalia hilo la "darasani". Upekee wa mtoto haupimwi na historia ya dunia. Njia ya pishi isingemshangaza muuza nafaka yeyote wa mtaa wa Mkomani, hapa Lamu. Vipimo vyetu vya zamani vimejengwa kwa kuzidisha mara mbili tangu mwanzo: vibaba viwili kisaga, visaga viwili pishi, na vya urefu hivyo hivyo, shibiri mbili dhiraa, dhiraa mbili wari, wari mbili pima. Mzee anayenunua kwa pishi na kuuza kwa kibaba hufanya hesabu hiyo bila kujua kwamba ni hesabu. Kwa mtoto wa miaka kumi aliyeunganisha mwenyewe zakatul-fitri na ubao wa darasani, huo ni ubunifu kamili.

Je, basi tuache jedwali la kuzidisha? Hapana, na hapa sina subira na wanaowakilisha ubunifu kama mbadala wa mazoezi. Henri Poincaré, mwanahesabu wa Ufaransa, amesimulia jinsi suluhisho la tatizo lililomtesa lilivyomjia wakati anatia mguu kwenye ngazi ya gari la abiria, akili ikiwa kwenye safari na si kwenye hesabu. Husimuliwa kama muujiza. Husahaulika kwamba alikuwa ametangulia kulihangaikia tatizo hilo siku nyingi mezani. Mtoto wangu wa pishi naye asingefika popote kama 25 mara 4 isingekuwa ulimini.

Tofauti gani hasa?

Upande wa pili wa fundo ni ufundishaji unaozingatia tofauti za wanafunzi. Aliyeupa umbo linalojulikana zaidi ni Carol Ann Tomlinson wa Chuo Kikuu cha Virginia. Kwa ufupi, anasema mwalimu anaweza kubadilisha maudhui, namna mtoto anavyoyafanyia kazi, au kile mtoto atakachotoa mwishoni kuonyesha ameelewa; na hubadilisha akiangalia utayari wa mtoto, mambo yanayomvutia, na jinsi anavyojifunza.

Hilo la mwisho ndilo lililoleta balaa. Likageuzwa kuwa huyu ni mtoto wa kuona, huyu wa kusikia, huyu wa kugusa, kila mmoja na kikapu chake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtoto kwa "mtindo" wake kunamsaidia kujifunza zaidi. Mwalimu mwenzangu, kama una fomu ya kuwagawa watoto hivyo, ifungie maandazi.

Utayari ndio wenye uzito, nao una sura nyingi kuliko alama za mtihani. Mojawapo hapa kwetu ni lugha. Mtoto anayezungumza Kiamu au Kibajuni nyumbani anasoma hesabu kwa Kiingereza kuanzia Gredi ya 4. Swali la maneno likimshinda, mara nyingi kilichomshinda ni maneno. Nimewahi kumsomea mtoto swali kwa Kiswahili, nisimwongezee kidokezo hata kimoja, akajibu kabla sijamaliza sentensi. Huyo kwenye ripoti yangu alikuwa "mbali na matarajio".

Na lebo zenyewe za ripoti zina hatari yake. Kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, mbali: ziliwekwa kueleza kazi ya mtoto katika jambo fulani kwa wakati fulani. Sisi tunazigeuza kuwa meza. Meza ya mbele wamekaa wa "mbali", wana maswali thelathini ya kujumlisha. Meza ya nyuma wamekaa wanaozidisha matarajio, wana kitendawili cha kufikirisha. Mkaguzi akija ataona darasa lililopangwa vizuri, kila mtoto na kiwango chake. Kumbe tumegawa ubunifu kama biriani ya harusi: walioalikwa ndani wanakula nyama, wa barazani wanapewa wali mtupu.

Msomaji makini ataniuliza kuhusu ushahidi wa hapa hapa Kenya unaoelekea kunipinga. Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walichapisha mwaka 2011 utafiti wa shule za msingi 121 za Magharibi mwa Kenya. Darasa la kwanza liligawanywa mikondo miwili. Katika shule 60 watoto waligawanywa kwa alama, wa juu mkondo huu na wa chini ule. Katika nyingine 61 waligawanywa kwa kubahatisha. Katika zile zilizogawa kwa alama, matokeo yalipanda kwa wa juu na kwa wa chini pia. Kwa hiyo kutenganisha kunafaa?

Kunafaa kwa jambo lake. Maelezo ambayo watafiti wenyewe waliyapa uzito ni kwamba mwalimu, akipata darasa la watoto wanaokaribiana, huweza kushusha au kupandisha somo lifikie walipo. Kilichopimwa ni kusoma na hesabu za mwanzo, misingi yenyewe. Mtoto asiyejua kutoa kwa kukopa anahitaji mtu akae naye kwenye kutoa kwa kukopa, na kwa kazi hiyo nami huwaweka pamoja wanaokwama mahali pamoja, wiki moja, wiki mbili, kisha kundi linavunjwa. Ubunifu una mahitaji mengine. Njia za aina nyingi hupatikana penye vichwa vya aina nyingi. Ningeweka meza moja wote wanaojua kuzidisha kwa wima, pishi isingetajwa darasani kwangu mpaka leo.

Jamvi la mita mraba 24

Kinachofungua fundo ni aina ya swali. Badala ya kutafuta maswali matano kwa viwango vitano, tafuta moja ambalo asiyejua mengi anaweza kuingia na anayejua sana asifike mwisho wake. Peter Sullivan wa Australia ameongeza kitu cha manufaa: mwalimu aandae mapema vidokezo vya aina mbili, cha kumshusha aliyekwama apate pa kukanyaga, na cha kumsukuma aliyemaliza. Swali linabaki lilelile kwa wote.

Vitabu huuliza hivi: jamvi lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4, tafuta eneo lake. Mtoto anazidisha, anapata 24, anafunga daftari. Mimi niliwageuzia Gredi ya 6: jamvi la msikiti lina eneo la mita mraba 24. Laweza kuwa na urefu na upana gani?

Walioshindwa kuanza niliwapa vizibo 24 vya soda, wavipange mstatili. Kidokezo ni hicho tu. Wakapata 6 kwa 4, kisha 8 kwa 3, kisha 12 kwa 2, na baada ya ubishi kuhusu kama jamvi la upana wa mita moja ni jamvi, 24 kwa 1. Hao tayari wameona namba zote zinazogawanya 24 bila kuambiwa kwamba hiyo ni mada. Waliozipata mapema niliwaongezea: ukingo wote unashonwa pindo, na pindo ni ghali. Jamvi lipi litakula pindo chache zaidi? Hapo mzingo ukaingia: mita 50, 28, 22, 20. Wakaona kwamba eneo moja linaweza kuwa na mizingo mbalimbali, jambo ambalo nimewahi kulieleza ubaoni vipindi vitatu mfululizo na kesho yake likawa limesahaulika.

Halafu mambo yakanitoka mikononi, na ndiyo raha yake. Kijana mmoja wa vizibo alikuwa amekazana kupanga mraba. Tano kwa tano, akapungukiwa na kizibo kimoja pembeni. Nikamwambia haiwezekani, 5 mara 5 ni 25. Akaniuliza, "Na kama pale pana nguzo?" Sikuwa na jibu tayari. Misikiti yetu ina nguzo, na jamvi hukatwa kuzifuata. Tukahesabu mzingo wa jamvi lake lililokatwa pembe: 5, 5, 4, 1, 1, 4. Mita 20. Sawasawa na lile la 6 kwa 4, na sawasawa na mraba mzima wa 5 kwa 5 kabla haujakatwa. Ukikata pembe eneo linapungua na mzingo hausogei. Watoto wa meza zote walihamia pale. Kijana huyu hajui jedwali la 7 hadi leo, tunalishughulikia.

Kwa upande mwingine, msichana aliyezoea desimali akasema nani ameamuru mita ziwe kamili. Akaleta 5 kwa 4.8. Eneo 24, mzingo 19.6. Amelishinda jamvi la nguzo kwa sentimita 40. Yeye sikumwambia kitu kuhusu kipeuo cha pili cha 24, ile namba ambayo ikijizidisha yenyewe hutoa 24. Nilimuuliza tu kama anaweza kupunguza tena.

Kufikia hapo nusu ya kazi ndiyo imefanyika. Walimu wa Japani, ambao tangu miaka ya 1970 wameyafanyia kazi sana maswali ya namna hii, wana kipindi ndani ya somo wanachokiita neriage, neno linalotokana na kukanda. Mwalimu anachagua kazi za watoto, anazipanga ubaoni kwa utaratibu alioufikiria, kisha darasa zima linazikanda pamoja. Picha hii kwetu haihitaji tafsiri. Anayejua chapati anajua kwamba unga na maji kuwamo katika sinia moja si donge bado. Nilianza na mchoro wa vizibo, kisha orodha ya mizingo, kisha nguzo, kisha 4.8. Aliyechora vizibo aliona kwamba orodha ni vizibo vyake vilivyoandikwa kwa namba. Ningeanza na 4.8, nusu ya darasa ingezima taa.

Lina gharama, sitaficha. Dakika 35 hazitoshi. Mara nyingi mazungumzo huhamia kipindi cha kesho. Kelele ni kubwa, na mwalimu wa jirani atakuja kuchungulia dirishani. Jioni yake lazima nilifanye swali mwenyewe kwa kila njia ninayoweza, la sivyo sitaitambua njia ya mtoto nikiiona. Ndiyo maana nafanya somo kama hili mara moja kwa wiki. Siku nyingine nafundisha kama walimu wote: mfano ubaoni, mazoezi, kusahihisha.

Na kusahihisha kumebadilika kidogo. Bado namdai mtoto aeleze njia, kwa sababu jibu lisilo na hoja si hesabu, hata likiwa sahihi. Kosa langu siku ile ya pishi halikuwa kuuliza njia iko wapi. Lilikuwa kuweka alama ya kosa kwanza na kuuliza baadaye. Sasa pembeni mwa daftari naandika namba mbili: njia ngapi, za aina ngapi. Watoto wamegundua kwamba namba ya pili ndiyo ninayoitazama zaidi, na wameanza kubishana wenyewe kama njia fulani ni aina mpya au ni ileile imevaa kanzu nyingine. Ubishi huo una hesabu nyingi ndani yake kuliko maswali mengi niliyowahi kutunga.

Somo la jamvi lilikwisha kengele ikilia. Nilikuwa nimewatupia swali la mwisho kinyume cha lile la kwanza: mwenye kuuza pindo anataka jamvi litakalokula pindo nyingi kuliko yote, eneo likibaki mita mraba 24. Wakaanza kulipunguza upana. Nusu mita, urefu unakuwa 48, mzingo 97. Robo mita, urefu 96, mzingo 192 na nusu. Mmoja akasema tunaweza kwenda hivyo bila kusimama. Msichana ambaye mamake husuka mikeka alikuwa akisikiliza huku anafunga begi lake.

"Mwalimu," akasema, "hilo si jamvi tena. Hilo ni ukambaa."